Simu ya Saa Kumi na Moja

Nesi alipiga simu saa kumi na moja jioni, wakati wapangaji wa vyumba vyote sita wamesharudi kutoka makazini na wanagombania bomba moja la maji lililokuwa uani. Angepiga saa nne asubuhi, karani wa mizani angemjibu bila shida. Lakini nesi alikuwa na zamu zake, na simu ya karani ilikuwa na ulemavu wake. Tangu ilipoanguka kwenye sakafu ya kibanda cha mizani haikusikika tena sikioni, ilisikika kwa spika kubwa tu, na tundu la waya wa masikioni lilikuwa limeziba kwa vumbi la saruji.

Nyumba yenyewe haikumsaidia. Kuta za kutenga vyumba zilijengwa kwa ubahili, zikaishia chini ya bati kwa kiasi cha mkono mzima, na mtu akipiga chafya chumba cha kwanza anaombewa afya na wa chumba cha sita. Karani alikuwa amelala kifudifudi kitandani, siku ya pili tangu apasuliwe, pale simu ilipolia karibu na mto.

"Haloo, baba. Ni nesi wa wodi ya upasuaji. Tangu tulipokuruhusu, umeshapata choo?"

Nje maji yaliendelea kumwagika, lakini ndoo hazikusikika tena zikigongana.

Karani alikohoa. Kazini alikuwa ameaga kwamba anapasuliwa mgongo. Wapangaji nao aliwaambia mgongo, na mwenye nyumba vilevile. Mgongo ni ugonjwa wenye heshima zake, mtu anaupata kwa kujituma, na watu humpa pole bila kuchungulia.

"Mgongo unaendelea vizuri," alijibu.

"Mgongo?" Karatasi zilisikika zikipekuliwa. "Baba, faili langu linasema bawasiri. Wewe si yule tuliyemtoa vinyama vitatu kwenye njia ya haja kubwa?"

Alikata simu. Baadaye alisema mtandao ulipotea. Upande wa pili wa ukuta, kinyozi wa chumba cha nne alicheka kwa puani, kisha akajitahidi kukigeuza kicheko kuwa kikohozi. Mke wa karani aliingia na ndoo ya maji bila kuinua macho. Na nyuma ya pazia lililogawa chumba, mama mkwe, aliyekuja juzi kumsaidia binti yake kuuguza, alisogeza mkeka wake kidogo.

Kuna watu wanaozaliwa na soni nyingi kuliko wenzao, na karani alikuwa mmoja wao. Kwa miaka kumi na tisa alikaa juu ya kigoda cha chuma kwenye ghala la saruji, akipima malori yanayoingia na kutoka. Madereva walimwita Bwana Kilo, maana hakuwahi kumpunguzia mtu hata kilo moja, si kwa urafiki wala kwa kifuta jasho. Jina hilo lilimfuata mpaka nyumbani, na alilipenda. Kigoda kile kile kilichompa jina ndicho kilichompa ugonjwa, na miaka minne alikaa juu ya maumivu hayo akipima malori, damu ikimtoka, akivaa suruali nyeusi tu.

*

Kesho yake asubuhi kinyozi alisimama mlangoni na mto mdogo mwekundu. Alisema huwa anawakalishia watoto wanaokuja kunyolewa, lakini kwa sasa Bwana Kilo ana shida nao zaidi. Alisema hivyo kwa upole, na kwa sauti ya kutosha vyumba vitatu. Mshonaji wa chumba cha pili, mama mtu mzima asiye na kinyongo, alipaza sauti kutoka kwenye cherehani yake kwamba shemeji yake aliwahi kupata kitu hicho hicho na alipona vizuri, isipokuwa siku za baridi.

Karani aliupokea mto, akashukuru. Mlango ulipofungwa aliusukumia chini ya kitanda kwa mguu.

Siku hiyo ndipo alipopiga hesabu zake. Choo kilikuwa kimoja, mwisho wa ua, na kwenda huko ni kupita mbele ya milango mitano. Daktari alimwambia ale matunda na mboga, anywe maji mengi, anywe kijiko cha dawa ya maji ya kulainisha choo asubuhi na jioni, na akalie beseni la maji ya vuguvugu mara tatu kwa siku. Alimwonya pia kwamba vidonge vikali vya maumivu hufunga choo. Yote hayo karani aliyasikia. Ila aliona jambo ni jepesi kuliko daktari alivyolifanya. Lori lisilopakiwa halina cha kushusha. Akipunguza kula, hatakuwa na sababu ya kwenda, na asipokwenda, kidonda kitapata nafasi ya kupona kimyakimya bila mtu kukichungulia. Dawa ya kulainisha aliiacha kwenye chupa, maana alisikia inamkimbiza mtu mara nne kwa siku. Vidonge vya maumivu alivimeza, na wakati mwingine alimeza viwili mahali pa kimoja.

Mke aliondoka alfajiri kwenda kusafisha ofisi na kurudi kabla ya saa kumi jioni. Kabla hajatoka alimtuma mama yake uani kwa kisingizio fulani, akamkalisha mumewe kwenye beseni, akamfuta, akamsaidia kurudi kitandani. Hapo karani alikuwa hana soni sana, mke ni mke. Lakini beseni la mchana halikuwa na wa kuliandaa ila mama mkwe, na hilo karani hakutaka hata kulifikiria. Tangu aoe, miaka kumi na mitano, hajawahi kubaki amekaa mama huyu anapoingia. Hakuwahi kula mbele yake bila kuvaa shati la mikono mirefu. Atamwambiaje amchemshie maji ya kukalisha makalio?

Yule mama hakuhitaji kuambiwa. Saa saba mchana aliliacha beseni kando ya pazia, likitoa mvuke, na taulo safi juu ya kigoda, kisha akatoka kwenda kuchambua mboga mlangoni, mgongo wake ukielekea ndani. Alikaa huko muda mrefu, akikohoa kila mara ili ijulikane bado yuko nje. Karani alilitazama beseni mpaka mvuke ukaisha. Mama mkwe aliporudi alichovya kidole, akakuta maji yamepoa na taulo halijakunjuliwa. Alilibeba beseni akaenda kuyamwaga. Kesho yake aliliweka tena.

*

Simu ya saa kumi na moja ilipolia siku ya tatu, karani alikuwa amejiandaa.

"Choo umepata, baba?"

"Nimepata."

"Kigumu au laini?"

"Cha kawaida."

"Damu?"

"Hamna."

"Na maumivu, kutoka sifuri mpaka kumi?"

"Mbili," alisema yule ambaye hakuwahi kuandika kilo isiyokuwepo.

"Hongera sana, baba," nesi alisema kwa furaha ya kweli, na pongezi hizo zikapanda juu ya kuta zikashukia vyumba vyote. Mshonaji alisikika akisema taratibu, alhamdulillahi.

Siku ya nne alisema uongo ule ule, na siku ya tano akauongezea kidogo ili usifanane mno na wa jana. Uongo ulikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Kilichokuwa kigumu ni tumbo. Lilianza kujaa na kukaza, likawa linauma kwa mawimbi, na kila wimbi lilipofika chini lilikutana na kidonda, jasho likamtoka mpaka kwenye viganja. Alijifunza kulikaza wimbi lirudi lilikotoka. Sahani zilirudi na chakula, naye alisema ameshiba. Mke alimuuliza jioni, huku anavua viatu vya kazini, kama kweli anakwenda. Alimjibu kwamba huwa anakwenda yeye akiwa kazini. Mke alimwamini, kwa sababu hajawahi kumshika kwa uongo.

Aibu ilimfanya mjinga, na ndivyo aibu inavyofanya watu wengi wenye akili zao. Angeweza kurudishwa hospitali, kidonda kikachanika, akaanza upya na zaidi. Hilo alilijua. Lakini akilala kifudifudi na kusikia kandambili za watu zikipita dirishani, kifo chenyewe alikiona chepesi kuliko kupita mbele ya mlango wa kinyozi akitembea miguu kando.

*

Siku ya sita alipokea simu tena. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Nesi aliuliza, naye akajibu kwamba amepata asubuhi, laini, bila damu, maumivu moja.

"Muongo huyo, binti," sauti ilisema nyuma ya pazia. "Leo ni siku ya sita hajaenda."

Nesi akauliza, "Nani mwenzangu?"

"Mama mkwe wake. Nakaa mlangoni kutwa nachambua mboga. Ananipita kwa haja ndogo tu. Hali chakula, na dawa yenu ya maji chupa haijafunguliwa. Nimefua mashuka ya hospitali miaka ishirini na sita, mgonjwa wa hivi namjua hata sijamwona uso."

Karani alitamani ardhi ipasuke immeze. Nje hakukuwa na sauti ya ndoo, ya maji, wala ya cherehani. Watu sita walisimama na ndoo zao mikononi wakisikiliza mambo ya haja yake, na aliyeyatoboa ni mama aliyemzalia mke. Alijaribu kubonyeza simu izimike, kidole kikakosea.

"Baba, unanisikia?" Nesi hakuwa na furaha tena. "Tumbo limejaa?"

Alivuta shuka mpaka kidevuni.

"Baba, nauliza tumbo."

"Limejaa," alisema.

"Sasa sikiliza. Vidonge vile vikali acha leo hii, nitakwambia umeze vipi badala yake. Dawa ya maji unywe sasa hivi, na tena kabla ya kulala. Maji, kunywa. Beseni, kalia. Kesho saa sita mchana ikifika hujapata choo, au ukitapika, au homa ikipanda hata leo, unaletwa hapa. Na ukiletwa, itabidi tukitoe kwa mkono. Sitaki tufike huko, na wewe hutaki."

Aliyasema kwa spika kubwa, neno moja moja.

Mke alikuwa ameingia wakati wa maneno hayo, akasimama mlangoni na ndoo kichwani akiwa amesahau kuitua. Simu ilipokatika alimuuliza mumewe jambo moja tu.

"Na mimi pia?"

Karani alikiangalia kitambaa cha mto. Mke hakusubiri jibu. Alitua ndoo, akafungua chupa ya dawa, akajaza kijiko mpaka ukingoni.

*

Asubuhi mke aliomba ruhusa kazini kwa ujumbe wa simu, akanyimwa, akaenda huku analia. Alipotoka, mama mkwe alilivuta pazia upande mmoja kwa mara ya kwanza.

"Baba," alisema, akitazama ukuta ili asimtazame, "twende."

Tumbo ndilo lililoamua. Karani aliinuka, akajifunga shuka, akatoka miguu kando. Mama mkwe alitangulia na ndoo ya maji ya moto, akaosha sakafu ya choo, akaweka kigoda kifupi cha kushikilia, akatundika taulo msumarini. Kisha alitoka akasimama mbele ya mlango. Ilikuwa saa ya foleni, watu wanne walishajipanga na makopo yao, kinyozi wa pili.

"Choo kina mgonjwa," aliwaambia. "Mwenye haraka akaombe nyumba ya pili."

Hakuna aliyeondoka, labda kwa udadisi, labda nyumba ya pili nayo ilikuwa na foleni.

Ndani, karani alishika kigoda kwa mikono yote miwili. Maumivu yalipofika aliuma taulo, akasikia sauti inatoka kwake ambayo hakuijua. Alilia. Alilia kwa kidonda, na alilia zaidi kwa kuwa wanamsikia. Alijiona mtoto mchanga, mwanamume wa miaka arobaini na nane na cheo chake, amechuchumaa juu ya shimo huku mkwewe akimlinda na jirani zake wakihesabu dakika.

"Usisukume," mama alisema kutoka nje, sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba anaelekeza mtu namna ya kukamua shuka. "Acha kishuke chenyewe. Pumua, kama unapoza chai."

Alipumua. Alipoza chai isiyokuwepo kwa muda aliouona mrefu kuliko siku zote sita. Kisha kikaisha, na mwili wote ukalegea, akabaki ameegemeza paji la uso kwenye ukuta wa baridi.

"Damu?" aliuliza mama.

Hapakuwa na pa kujificha tena. "Kiasi cha kijiko kimoja cha chai, Mama."

"Maumivu?"

"Ilikuwa tisa." Akapumua. "Sasa sita."

"Haya. Nawa taratibu."

Alipotoka aliwakuta wote wanne wamesimama. Alikuwa amejiandaa kwa kicheko, na kicheko angekivumilia. Lakini kinyozi aliinamisha kichwa, akasogea kando na kopo lake kumpisha, kama mtu anavyopisha jeneza, na hilo lilimuuma kuliko kicheko. Alirudi chumbani akitazama vidole vya miguu yake. Mama mkwe alimmiminia maji mikononi mlangoni, na mchana alipoliweka beseni kando ya pazia na kutoka, karani alilikalia mpaka maji yakapoa.

*

Saa kumi na moja simu ililia. Mke alikuwa amerudi, ameketi kwenye ukingo wa kitanda anakunja nguo. Uani palikuwa na watu kama kawaida.

Karani alijibu kila kitu kilivyokuwa. Saa ya kwenda, ugumu, kijiko cha damu, tisa kisha sita, kisha nne baada ya beseni. Uso ulimwaka, lakini tarakimu zilikuwa za kweli, na alizitaja moja moja kama anavyomtajia dereva uzito wa gari lake. Nesi alimwambia sasa anaongea na mgonjwa wake. Alimpa maelekezo ya kesho, akawa anaaga.

"Binti, usikate," mama mkwe alisema.

Alitoka nyuma ya pazia akaja mpaka kitandani, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akainamia simu. Alifuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na maji.

"Mtu wa miaka sitini na saba, naye anapasuliwa hiki kitu?"

"Inategemea, mama. Ni nani huyo?"

"Mtu tu."

"Anasumbuliwa na nini huyo mtu?"

Mke alikuwa ameacha kukunja, shati la mumewe limebaki hewani mikononi mwake.

"Vinatoka," mama alisema kwa sauti ndogo. "Vilianza alipozaa mtoto wake wa kwanza. Zamani vilikuwa vinarudi vyenyewe. Siku hizi havirudi mpaka avirudishe kwa mkono."

"Damu je?"

"Anafua nguo zake mwenyewe, watu hawajaamka."

Mtoto wake wa kwanza alikuwa ndiye huyo aliyeshika shati. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na alikuwa amelala chumba kimoja na mama yake nusu ya miaka hiyo.

"Mama," nesi alisema, na spika ikaibeba sauti yake vizuri mno, "nataka nikuulize maswali kadhaa. Mengine ni ya ndani kidogo. Hapo ulipo unaweza kuongea?"

Yule mama aliinua macho juu, pale ukuta ulipoishia na bati lilipoanzia. Nje ndoo zilikuwa zimenyamaza. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Mkono wake ukaanza kuisogelea simu ili aikate.

Karani aliyajua macho yale. Siku saba nzima yalikuwa yake. Aliishika simu, akaiweka kwenye kiganja cha mama mkwe, akakifunga kiganja kwa vidole vyake. Kisha akajiinua kwa viwiko, akakaza shuka kiunoni, akatoka nje na kuufunga mlango nyuma yake.

Wengi walikuwa bombani. Kinyozi alikuwa ameegemea ukuta wa chumba chake, sikio upande. Karani alikwenda miguu kando mpaka katikati ya ua, akalifungua bomba mpaka mwisho, maji yakapiga ndani ya ndoo tupu ya mtu.

"Jirani, sogea," alimwambia kinyozi, kwa sauti ile ya kuwaitia madereva injini zikiwa zinaunguruma. "Na wewe mama mshonaji, toka huko ndani uje. Mlitaka kujua habari za choo changu, leo nawaeleza yote."

Akawaeleza. Aliwaambia vinyama vilikuwa vitatu na ukubwa wa kila kimoja, na miaka minne ya suruali nyeusi, na kwamba hakuna mgongo wowote uliopasuliwa. Aliwaambia alivyofunga siku sita kwa ujinga wake, kilichotoka kilikuwa kigumu namna gani, kilichukua dakika ngapi, na damu kiasi gani. Mshonaji alijifunika mdomo kwa kanga. Kinyozi alijaribu kucheka, kicheko kikamkwama, akataka kuondoka, karani akamuuliza anakwenda wapi na habari haijaisha. Masikio yalikuwa yanamwaka, machozi yalikuwa karibu, lakini sauti hakuishusha. Kutoka chumbani kwake hakusikia hata neno moja.

Alifika mwisho wa habari yake, akageuka kuutazama mlango. Ulikuwa bado umefungwa.

Akaanza tena kuanzia vile vinyama vitatu.